Kulia na mtu ni kitu kimoja, kumjali ni kingine kabisa (uzi mrefu, wanaDodoma njooni)

Mhazini Nkuhungu:
Wakuu habari za humu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu atatukuta.

Mimi ni mhazini wa kikundi cha kufa na kuzikana huku Nkuhungu, vile vya kawaida, mchango wa mwezi 2,000, mwanachama akifiwa anapata rambirambi, maturubai, viti na yale masufuria makubwa. Kazi hii inakuonyesha watu walivyo maana wenzio wanalia wewe umekaa pale na daftari, na ukishakaa hapo misiba kadhaa unaanza kuona kwamba anayeumia sana na mfiwa sio lazima awe ndio anayemjali. Kuna wakati ni mtu huyo huyo, sikatai, ila mara nyingi naona ni watu wawili tofauti na hata mkeka hawakai mmoja.

Tulifiwa na jirani, baba mwenye familia. Kuna kaka mmoja akatuma voisi kwenye grupu analia kabisa, sauti inakatika, anasema tangu apate taarifa hajaweka kitu mdomoni. Na hakuwa anaigiza, namjua, ni mtu wa hivyo, hata Dodoma Jiji wakifungwa anaumwa. Watu wakamiminika pole pole pole na imoji za machozi mpaka taarifa ya saa ya kuzika ikapotelea huko juu. Alikuja msibani akalia tena, tukazika, akaondoka, na kwenye ile nyumba sijamuona tena akikanyaga.

Halafu kuna mama mmoja anauza mkaa. Kafika asubuhi, kasalimia, kampa mjane mkono, chozi hana. Moja kwa moja uani. Nimemuona kwa macho yangu anafunua mapipa ya maji moja baada ya lingine, anauliza "haya ndio ya watu wote hawa mpaka kesho?" na siku hiyo zamu ya maji mtaani kwetu haikuwepo, mgao wa huku mnaujua. Akaita kijana wa mkokoteni, akamhesabia madumu, akafungua fundo la kanga akalipa, wala hakuja kwangu niandike. Wanawake wenzie wakaanza chini chini, huyu ana roho ngumu, mwenzie kafiwa hata kwikwi hana. Matanga yakaanuliwa, turubai letu tukakunja. Sasa wiki zilizofuata ni yeye ndio anaongozana na mjane, serikali ya mtaa kuchukua barua, RITA kufuatilia cheti cha kifo, kwa wakwe kukumbushia muhtasari wa kikao cha ukoo haujasainiwa, mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Waliopitia mirathi wanajua, unafika unaambiwa jina kwenye cheti limekosewa herufi moja, unarudi ulikotoka. Mkaa wake unauzwa na mtoto.

Nikamuuliza siku moja, hivi mama wewe hukuumia? Akaniangalia kama nimeuliza utoto. "Kuumia nimeshaumia na ya kwangu. Hii ni shida yake."

Sasa hoja yangu ni hii, na mnipinge kwa hoja sio matusi. Kuhisi maumivu ya mwenzio kunakujia tu hujakuita, na kukija kinachouma ni kifua CHAKO, kwaiyo akili inaanza kutafuta namna ya kukutuliza WEWE. Ukilia unapoa. Ukituma 5,000 haraka haraka unapoa. Ukizima data usione zile picha unapoa pia. Yule mwenye shida yuko palepale. Mtu anayejali swali lake ni yule mwenzie amefikia wapi, na hilo swali halipoi kwa wewe kulia.

Kigoda cha Area C:
Naweka kambi hapa. Ila mkuu umeanza kwa kuwaonea watu wa machozi 😂

Mwana Chamwino:
Mhazini nakuheshimu ila hapa umeteleza. Kilio msibani ni heshima, kwetu mtu akifa bila kuliliwa ni aibu ya ukoo mzima. Mimi alipofariki mama kuna jirani alikuja akakaa pembeni yangu akalia, hakusema neno, hakuleta hata kiberiti, na mpaka leo nikimuona barabarani nasimama namsalimia kwa mikono miwili. Unataka kuniambia yule hakunijali kwa sababu hakunibebea maji? Usipime watu kwa madumu.

Mhazini Nkuhungu:
Mwana Chamwino hapana, huyo alikujali. Alikuja KWAKO, akakaa na wewe, hakwenda kukaa na machozi yake kwenye grupu ili apewe pole. Tena wewe mwenyewe umesema hakusema neno. Yule wa voisi sisi ndio tulikuwa tunambembeleza, mfiwa kasahaulika. Sijasema machozi ni mabaya, nasema hayatoshi kuwa ushahidi.

mwanasaikolojia mdogo UDOM:
Aisee huu uzi umenikuta na notisi mezani. Hiki anachosema Mhazini kimepimwa kabisa na wataalamu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Daniel Batson, yeye na wenzake mwaka 1981 walitoa utafiti wao, wanafunzi wanaangalia kwenye skrini mwenzao anaitwa Elaine anapigwa shoti za umeme huku anafanya kazi fulani. (Shoti za uongo, Elaine alikuwa anaigiza, msianze kulia.) Elaine anaonekana anateseka, halafu wewe unaulizwa kama uko tayari kukaa nafasi yake upokee shoti zilizobaki. Ujanja uko hapa: wengine waliambiwa ukikataa unaweza kuondoka hutaangalia tena, wengine waliambiwa ukikataa utakaa uangalie mpaka mwisho.

Sasa wale ambao wao wenyewe walikuwa wanataabika kwa kuangalia, wakipewa mlango wengi wanaondoka. Wakinyimwa mlango ndio wanajitolea, maana kusaidia kumekuwa njia pekee ya wao kupata nafuu. Lakini wale ambao mawazo yao yalikuwa kwa Elaine, hata mlango ukiwa wazi wengi walisema mtoeni yeye nikae mimi.

Ndio yule kaka wa voisi huyo, mlango ulikuwa wazi akapita.

Kigoda cha Area C:
Daah "mlango ulikuwa wazi akapita" 😂😂 kaka wa watu

Sista wa zamu ya usiku:
Naongea kama nesi, hospitali siitaji. Wodi ya watoto. Wakija wanafunzi wa mazoezi huwa kuna mmoja mtoto akichomwa kanula na yeye macho yanajaa, siku za mwanzo wamama wote wanampenda wanamuita mwanangu. Subirini kidogo. Anaanza kukwepa kitanda cha mtoto aliyeungua, kwa sababu kufunga kile kidonda kunamtesa yeye, anaomba wabadilishane, leo kichwa kinamuuma, kesho ana semina. Fikirieni hiyo, mtoto anakosa mtu wa kumfunga kidonda kwa sababu kuna mtu anamuonea uchungu kupita kiasi.

Halafu tuna mkubwa wetu mmoja, uso mkavu, wamama wanamuogopa, akiongea ni kama anafoka. Saa tisa usiku unamkuta yuko kitandani kwa mtoto na tochi ya simu, anahesabu matone ya dripu kwa saa yake ya mkononi, midomo inacheza kimya kimya moja mbili tatu, akimaliza anageuza kale kakirungu kidogo, anahesabu upya. Anabonyeza mkono pale kanula ilipoingia kuona kama umevimba, anaandika kwenye faili, anahamia kitanda kinachofuata. Mama mtu amelala wala hajui. Mimi wangu akilazwa, huyo ndio namtaka.

Na kwa wanaosema manesi tuna roho mbaya: kuna wenye roho mbaya kweli, siwatetei. Ila msichanganye mkali na asiyejali.

mwanasaikolojia mdogo UDOM:
Sista umenigusa penyewe. Kuna mama anaitwa Tania Singer, mtafiti wa ubongo. Mwaka 2004 walitoa utafiti, mwanamke amelazwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, mpenzi wake yuko pembeni, wakimshtua yule mpenzi mkono, sehemu za ubongo wa mwanamke zinazohusika na uchungu wa maumivu zinawaka kana kwamba ameshtuliwa yeye. Kwaiyo kumuumia mtu sio maneno tu.

Baadaye yeye na mwenzake Olga Klimecki wakafundisha watu, kwanza wahisi mateso ya wengine kama wanavyohisi ya kwao, watu wakatoka hapo wameelemewa, wana huzuni tu. Halafu wakawafundisha kitu kingine, kumtakia mwenzio nafuu, kuwa upande wake bila kuyabeba maumivu yake kifuani, na hapo sehemu za ubongo zinazowaka ni nyingine kabisa, zile za ukaribu na kuridhika, na hali zao zikapanda. Kulikuwa na mtawa wa Kibuddha pia, Matthieu Ricard, Mfaransa, waliomuomba abaki kwenye kuhisi mateso peke yake na mwenyewe alisema kulimchosha upesi, aliporuhusiwa kurudi kwenye ile anayoizoea ya kuwatakia mema akasema angeweza kuendelea.

Kwaiyo yule mwanafunzi wako tatizo sio moyo laini, ni kwamba hajafundishwa kutoka kwenye kidonda chake aende kwenye kidonda cha mtoto.

Sista wa zamu ya usiku:
Na chuoni hilo somo hatukupewa. Tuliambiwa tu "jiweke kwenye nafasi ya mgonjwa". Nikijiweka kwenye nafasi za wagonjwa wa wodi nzima nani atagawa dawa?

Mtumishi Luka 10:
Bwana asifiwe wapendwa. Naona mnagusa Msamaria mwema bila kumtaja. Luka anasema alipomwona alimhurumia, hilo ni neno moja tu, halafu yanayofuata yote ni kazi: akamfunga jeraha, akatia mafuta na divai (watu wa Hombolo mmesikia divai), akampandisha juu ya mnyama wake maana yake yeye akatembea kwa miguu, akamfikisha nyumba ya wageni, akamtunza, kesho yake akatoa dinari mbili, na akasema chochote utakachogharimiwa zaidi nikirudi nitakulipa. Hapo kwenye "nikirudi" ndipo mimi husimama kwenye mahubiri. Ila Mhazini usiruke, kulianza na kuhurumia. Asingehurumia angepita kama kuhani.

mwanasaikolojia mdogo UDOM:
Mchungaji hiyo yako ina kisa chake na kitakuuma kidogo. Mwaka 1973 John Darley na huyo huyo Batson waliwachukua wanafunzi wa seminari ya Princeton, wanatheolojia kabisa, wakawaambia nendeni jengo la pili mkatoe hotuba fupi, na baadhi yao mada ya hotuba ilikuwa ni huyo huyo Msamaria mwema. Njiani wameweka mtu amejikunja mlangoni, anakohoa, anagumia. Wengine waliambiwa umechelewa kimbia, wengine una muda. Walioharakishwa waliosimama ni asilimia 10. Waliokuwa na nafasi ni asilimia 63. Kwenda kuhubiri Msamaria hakukuleta tofauti ya maana.

Mtumishi Luka 10:
Hiyo nitaitumia Jumapili, na ibada yenyewe nitamaliza mapema.

Boda wa Jamatini:
Mimi hapo kwenye haraka nimewaelewa kuliko yote. Nikiwa na abiria anafoka nachelewa treni, hata nione ajali nitasema maskini na nitapita, na nitaumia kweli njia nzima. Siku nimepaki nasubiri kichwa ndio unaniona nimebeba mtu mpaka hospitali na hela sijadai. Moyo ni huo huo mmoja.

Mzee wa reli:
Vijana shikamooni mnazo ila nitawaamkia mimi, mbukwenyi. Mimi nilikuwa mtu mzima tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilipanda mlima kule Igandu ikashindwa, ikarudi nyuma kwa kasi ikaenda kugongana na ya mizigo. Watu 281. Leo nikitaja hiyo namba mbele ya wajukuu wananiambia aah pole babu wanaendelea na simu. Nikianza kusimulia mtu mmoja tu, alivyokuwa amevaa, alikuwa anampelekea nani mzigo gani, simu inawekwa chini. Mimi najiuliza hao 280 wengine wamekosa nini.

mwanasaikolojia mdogo UDOM:
Shikamoo mzee wangu. Hawajakosa kitu, ni sisi tulivyoumbwa. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walitoa utafiti, watu wamepewa dola 5, wanaombwa wachangie njaa. Kundi moja likaonyeshwa mtoto mmoja wa Mali, Rokia, miaka saba. Kundi lingine likapewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa. Rokia alipata kama mara mbili ya takwimu. Walipomuweka Rokia pamoja na takwimu, mchango ukashuka tena! Yaani kumkumbusha mtu kwamba wako wengi kunamtoa kwenye huruma.

Na Adam Smith, yule wa uchumi, aliliandika mwaka 1759: mtu wa Ulaya akijua kesho anakatwa kidole kidogo hatalala, lakini akisikia Uchina yote imemezwa na tetemeko atasikitika kwa maneno mazuri halafu atakoroma.

Binti wa Kisasa:
Ndio maana mtoto mmoja akisambazwa Instagramu na picha ya hospitali anachangiwa mpaka hela zinabaki, wa kitanda cha pili ugonjwa huo huo mama yake anauza simu. Wa kwanza kabahatika ana macho mazuri na binamu anayejua kupiga picha.

mwanasaikolojia mdogo UDOM:
Binti hilo nalo limepimwa 1995, Batson tena. Kuna foleni ya watoto wanaosubiri msaada, watu wakaambiwa kuna kabinti kanaumwa sana kako nyuma kwenye foleni, unaweza kukasogeza mbele ila utawaruka wengine ambao wana hali mbaya zaidi. Wasioombwa kuhisi anavyohisi wengi waliacha foleni kama ilivyo. Walioombwa wahisi anavyohisi, wengi wakamsogeza. Paul Bloom, profesa aliyefundisha Yale miaka mingi, amefanya hii kuwa hoja yake kubwa, kwamba kuhisi ni kama tochi, inamulika unapoielekeza tu, na mara nyingi tunaielekeza kwa anayefanana na sisi.

Ustaadh Chang'ombe:
Assalam alaykum. Ndio maana zaka haikuachwa kwenye hisia. Mali ikifika nisabu (kile kiwango cha chini cha kutolea zaka), mwaka wa Hijria ukapita, asilimia 2.5 inatoka, na wa kupewa wametajwa makundi manane kwenye Suratut Tawba, hakuna kipengele cha "mpaka moyo wako uguswe". Siku hiyo moyo wako uwe mkavu kama Bahi mwezi wa kumi, utatoa. Sadaka ya kuguswa ipo nayo ina thawabu yake, lakini mayatima hawawezi kusubiri wewe uguswe.

Mgogo Halisi:
Ustaadh umenifungua mdomo. Maana sisi Wagogo tumekaa miaka tunaitwa ombaomba na watu waliowahi kumuona mzee mmoja kwenye taa za Dar wakatoa sarafu ili aondoke dirishani. Haya niwaambie mfumo wetu. Kwetu mwenye ng'ombe wengi anampelekea asiye na ng'ombe akae nao, anakunywa maziwa, anapata samadi, ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Hakuna anayelia hapo. Tena mwenye ng'ombe naye hajapoteza, anagawanya hatari, mvua yetu ni ya msimu mmoja Desemba mpaka Aprili ikigoma Bahi huenda imenyesha Mpwapwa, ugonjwa ukiingia zizi hili lile limepona. Sasa wataalamu mtasema huyo anajijali mwenyewe. Sawa, ila watoto wa yule asiye na ng'ombe wamekunywa maziwa mwaka mzima, na yule wa sarafu hata sura ya mzee haikumbuki.

Mjasiriamali Majengo:
Mimi nije na upande mwingine. Mtu aliyenihisi kuliko wote maishani alikuwa tapeli. Aliniuzia kiwanja ambacho tayari kilishauzwa. Mke wangu alikuwa katoka kujifungua kwa upasuaji, huyu bwana aliliona kwenye uso wangu kabla sijasema, akaniambia kaka najua unawaza hii familia italala wapi. Nikatoa machozi ofisini kwake. Jioni kaleta kuku wa supu nyumbani. Alinisoma mpaka ndani kabisa na kila alichokisoma alikitumia kuchukua hela yangu. Kwaiyo mkiniambia fulani "anakuelewa sana" mimi nashika mfuko.

Kigoda cha Area C:
Kuku alikuwa wa kienyeji au wa kisasa mkuu

Mjasiriamali Majengo:
Wa kienyeji. Ndio kinachoniuma.

Mama wa mwenye usonji:
Nimesoma komenti zote kimya, naomba niongee. Mwanangu ana usonji. Nikilia hajui nalia, anaweza kuniuliza chakula kiko wapi huku machozi yananitoka, na ndugu wamenitamkia waziwazi huyu mtoto hana upendo. Bibi yake alipovunjika nyonga nikamwambia kwa maneno, bibi hawezi kutembea, bibi akikosa maji karibu anaumwa. Basi. Kila akitoka shule kabla hajavua viatu anapeleka jagi la maji kwa bibi, anaweka upande wa kulia wa kitanda, mkono wa jagi ukiangalia bibi. Ukihamishia kushoto anakasirika. Ndugu waliosema hana upendo wamekuja mara moja na machungwa. Sio watoto wote wa hali yake wako hivyo na wengine wanahisi sana kuliko sisi mpaka kelele za mtu zinawaumiza, ila wangu ndio huyo.

Mhazini Nkuhungu:
Mama asante kwa hilo. Mkono wa jagi ukiangalia bibi. Mimi nina akili zangu zote na sijawahi kufikiria mkono wa jagi.

Mtu wa Mtumba:
Sasa naomba nipinge uzi mzima maana mnakwenda vizuri mno. Mimi nafanya kazi serikalini. Mkiondoa kuhisi mkabakiza utaratibu mtapata tulichonacho tayari: bibi katoka kijijini na bahasha, karani hajainua uso, "rudi Jumatatu". Huyo karani ana utaratibu, ana fomu, ana muhuri, hana machozi. Ndio kujali mnakokutaka? Zaka sawa, bima sawa, ila mfumo bila mtu anayeumia unakuwa ukuta. Mimi ningependa yule karani siku moja tu ahisi miguu ya yule bibi.

Mhazini Nkuhungu:
Mkuu umeleta hoja ngumu kuliko zote na sitaipita. Ila jiulize, huyo karani ungemfanya alie, angefanya nini? Nimewaona wanaolia. Anamwambia bibi pole sana mama yangu dah hata mimi nina mama, RUDI JUMATATU. Hisia imepita, faili liko palepale. Anayejali anauliza bibi unalala wapi mpaka Jumatatu, halafu ananyanyua simu ghorofa ya juu, hata kama uso wake umekunjamana. Yule karani wako kinachokosekana sio uchungu, ni kwamba shida ya bibi haijawa kazi yake.

Mtu wa Mtumba:
Na itakuwaje kazi yake kama haikumgusa? Ndio swali langu na bado hujalijibu.

Sista wa zamu ya usiku:
Naomba nijibu mimi, kwa ninavyoona wodini. Inagusa mwanzoni, sawa, mchungaji kasema vile vile. Ila kinachomfanya mtu aje na tochi saa tisa usiku mwaka wa kumi wa kazi sio ule mguso, ule ulishakwisha zamani. Ni kwamba alishaamua dripu ya huyu mtoto ni juu yake, na amezoea. Wengine waliingia kazini wameguswa sana na hawapo tena, wameacha kazi au wapo mwili tu. Mimi mwenyewe siku nyingine nahisi, siku nyingine sihisi chochote nawaza kodi ya nyumba, na watoto wanapata dawa kwa muda ule ule.

Mtu wa Mtumba:
Hapo kwenye "kwa muda ule ule" nimekusikia sista. Ila bado nataka bibi yangu mtu amuangalie usoni.

Mwana Chamwino:
Mimi na Mtu wa Mtumba tuko chama kimoja. Mhazini na yule kaka wa voisi mlimfanyaje? Mlimfukuza?

Mhazini Nkuhungu:
Tumfukuze kwa kosa gani. Kwenye kikao tulikubaliana mambo mawili. Kwanza msiba ukitokea tunachagua watu wawili wa kufuatilia ile nyumba kwa miezi sita, cheti, mirathi, ada za watoto, na bima ya kaya (ile CHF iliyoboreshwa tulikuwa tunawakatia wafiwa kutoka kwenye mfuko, 30,000 kwa kaya ya watu sita mwaka mzima, hela ambayo kwenye soda za msiba inaisha asubuhi moja). Na hao wawili hawachaguliwi kwa kulia wala kwa kutolia, wanachaguliwa kwa nani ana nafasi, maana yale mambo ya haraka ya wanaseminari sisi tuliyaona bila utafiti. Pili, yule kaka tukampa kupiga simu kwa ndugu walio mbali kutoa taarifa. Anaiweza hiyo kuliko yeyote, watu wanamfungukia, na akimaliza kulia nao anatupa majina ya nani anakuja na basi la saa ngapi.

Binti wa Kisasa:
Hii ya miezi sita naomba tuichukue kwetu. Nani anasimamia hao wawili wasipotee?

Mhazini Nkuhungu:
Wanatoa taarifa kikao cha mwezi, kabla ya michango. Bila taarifa hatufungui daftari la michango, na watu wakikalishwa juani Nkuhungu wanasimamiana wenyewe.

Sista wa zamu ya usiku:
Kabla uzi haujalala, mnaotafuta kujali bila kumuona mtu usoni: damu. Chupa yako inaenda kwa mama aliyetoka kujifungua au mtoto mwenye malaria kali, humjui, hakujui, hamtakutana. Miaka 18 mpaka 65, kilo kuanzia 50, mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kula kwanza, kunywa maji, ulizia kitengo cha damu salama hospitali iliyo karibu yako.

Boda wa Jamatini:
Sista mimi nipo tayari kabisa ila tatizo langu sindano. Hata ya mtu mwingine nikiiona nahisi inaniingia mimi, mtoto alipochanjwa nilitoka nje nikamuacha mama yake.

Sista wa zamu ya usiku:
Njoo Jumatano sina msongamano. Utaangalia ukutani, kuna bango la lishe pale, soma mpaka mwisho.

Boda wa Jamatini:
Bango lina maneno mangapi?

Sista wa zamu ya usiku:
Ya kutosha chupa moja.